Mtulinga wa Mgonjwa Namba Mia na Kumi na Nne

Kufikia siku ya tatu ya kupanga mafunzo, Dk. Sekela Mwambungu alikuwa amewakataa wagonjwa kumi na saba. Aliwakataa kwa kalamu nyekundu, kwenye orodha aliyoomba ichapwe katika karatasi. Huyu uvimbe wake unajionyesha mno, mwanagenzi hatajifunza kitu. Huyu ini lake ni safi kupita kiasi, hakuna mwanadamu aliyekula na kunywa miaka hamsini akabaki na ini kama hili. Huyu arudishwe, mbavu zake zinafanana kushoto na kulia kama zimekatwa kwa mkasi.

Wagonjwa hao hawakuwa watu. Ndivyo alivyoambiwa siku alipoitwa. Walitengenezwa na mtambo wa uigaji ambao wafanyakazi wa Kituo waliuita Kivuli, na kazi ya Sekela ilikuwa kuchagua ni wepi kati yao watakaowafundisha madaktari vijana arobaini waliokuwa wakisubiriwa pale Njombe baada ya siku kumi na sita.

Alikuwa na miaka sitini na moja, mstaafu, na mmoja wa watu kumi na moja tu waliobaki nchini waliowahi kufanya kazi ya kusoma picha za mwili kwa macho yao wenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili kazi hiyo ilikuwa ya mashine, na vyuo vikaacha kuifundisha. Kisha ukaja ule mwaka ambao mashine za mikoa mitatu zilisoma vibaya miezi saba mfululizo, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakukuwa na mtu wa kugundua. Baada ya mazishi, Bunge lilitunga sheria: picha isitolewe majibu bila kuonwa na jicho la daktari, na daktari akishaona kitu, majibu yamfikie mgonjwa ndani ya saa sabini na mbili. Sheria ilikuwa nzuri. Madaktari wenyewe ndio hawakuwepo.

"Huyu wa mia na kumi na nne utampenda, Mama," alisema Twilumba Sanga, fundi wa mtambo, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyevaa sweta mbili kwa baridi ya kilima kile. "Ana picha tatu kama wengine. Ya leo, ya mwaka mmoja mbele, ya miaka miwili mbele. Mwanagenzi akikosa ile ya kwanza, tunamwonyesha alichokikosa kimekuwa nini."

Picha ikasimama hewani mbele yao, kifua kizima, kikizunguka taratibu. Sekela alianza kama alivyofundishwa zamani, kutoka juu kushuka chini. Shingo, mabega, mitulinga, ile mifupa ya kati ya shingo na bega. Hapo macho yake yakakwama.

Mtulinga wa kushoto ulikuwa umewahi kuvunjika na kufungwa kwa waya. Waya ulisokotwa mara tatu, na ncha yake ikakunjwa kwa ndani kama ndoana. Juu ya pafu la kulia kulikuwa na mshipa uliokosea njia tangu tumboni mwa mama, ukaligawa pafu kama uzi unavyokata mche wa sabuni. Mtu mmoja katika mia huzaliwa na mshipa wa namna hiyo. Waya wa namna ile ulikuwa ukifungwa na daktari mmoja tu, mpasuaji wa hospitali ya misheni, wakati wenzake wote walikwisha kuhamia kwenye vyuma bapa.

Sekela aliwahi kuisoma picha hiyo. Ilikuwa miaka thelathini na minne iliyopita, wiki ambayo wifi yake, Tulinagwe, alianguka kutoka kwenye lori la ndizi.

"Mama? Umeona nini?"

"Hebu niendelee," alisema Sekela.

Upande wa chini wa pafu la kushoto kulikuwa na kinundu cha milimita tatu. Katika picha ya pili kilikuwa na tisa. Katika ya tatu kilikuwa na ishirini na moja, na kilikuwa kimeanza kuvuta ukuta wa pafu.

"Nzuri," alisema, na mkono wake ukaandika *akubaliwe* bila yeye kuutuma.

*

Usiku huo alijipa maelezo yanayofaa. Kivuli kilifundishwa kwa picha za watu halisi, hilo halikuwa siri. Huenda kilichota waya mahali fulani na mshipa mahali pengine, kikavichanganya. Lakini mtu hachoti vitu viwili adimu kutoka pande mbili vikaja kukaa pamoja katika kifua kile kile vilimotoka.

Asubuhi alijaribu kufungua rekodi ya asili ya mgonjwa namba mia na kumi na nne. Kioo cha mtambo kilimjibu kwamba hana ruhusa. Siku iliyotangulia ruhusa alikuwa nayo, aliitumia kwa wagonjwa wengine. Alipomuuliza Twilumba, yule dada alishughulika na nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Labda wanarekebisha," alisema.

"Nani wanarekebisha?"

"Wa juu."

Saa nne, wakati wa chai, Mhandisi Ludovick Haule, mkurugenzi wa Kituo, alikuja kukaa meza moja naye. Hakuwahi kufanya hivyo. Alimmiminia chai, akamuuliza kama chumba chake kina joto la kutosha, akamuuliza mipango inaendaje. Sekela alijibu kwamba inaenda vizuri, na huku akimtazama mikono. Ilikuwa mikono iliyotulia, ya mtu ambaye tayari alijua majibu ya maswali aliyouliza.

Kuanzia hapo alianza kushuku kila kitu. Mlinzi aliyemsalimia kwa jina. Mlango wa ofisi yake uliokuwa wazi kidogo zaidi ya alivyouacha. Hata Twilumba, alipomwendea mchana akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, njoo chumba cha vipuri," Sekela alisita mlangoni akijiuliza kama ametumwa.

Twilumba alikuwa na kioo kidogo cha mafundi, kisichounganishwa na ofisi. Alizifungua picha tatu za mia na kumi na nne, akaziweka pamoja.

"Tazama waya," alisema.

Katika picha ya kwanza waya ulikuwa mzima. Katika ya pili ulikuwa umekatika, na kipande chake kimesogea upana wa kidole kuelekea shingoni. Katika ya tatu kipande hicho kilikuwa kimeanza kuzungukwa na mfupa mpya.

Kivuli kilijua namna ya kukuza ugonjwa. Kilipewa kinundu, kikahesabu kitakavyokuwa kesho na keshokutwa. Lakini hakikuwa na sababu yoyote ya kukata waya. Waya hukatika mtu anapobeba ndoo, anapoangua ndizi, anapovuta ng'ombe. Hukatika katika mwili unaoishi.

"Hii ya pili haikuhesabiwa," alisema. "Hii imepigwa."

"Na ya tatu," alisema Twilumba.

"Wangapi wako hivi?"

"Thelathini na moja. Wengine wote mia tatu na themanini ni wa kutengenezwa kweli, na wote uliowakataa wametoka kwa hao. Hawa thelathini na moja ulikuwa unawakubali wote." Alishusha sauti. "Wanaitwa kila mwaka hospitalini kwao. Wanaambiwa ni ukaguzi wa afya. Wanapigwa picha, wanaambiwa wako salama, wanarudi nyumbani. Hapa tunalinganisha picha yao na ile Kivuli kilichotabiri. Linaitwa zoezi la uthibitisho."

"Wewe umelijua lini?"

"Nililikuta."

"Nimekuuliza lini."

"Miezi minane," alisema Twilumba, na hakuinua uso. "Nilikuwa nangoja mtu mwenye leseni auone ule waya."

*

Haule hakukana. Hilo ndilo lililomshtua Sekela kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, amepanga namna ya kuubana, na badala yake mkurugenzi alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa kiti cha wageni, upande wa Sekela.

"Mama yangu alikuwa mmoja wa wale wa mwaka ule," alisema. "Mashine iliandika hana kitu. Alikuwa na kitu cha ukubwa wa limau. Daktari, unajua kwa nini mashine zile zilikosea miezi saba? Kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuzipimia. Hakuna aliyejua uvimbe mdogo ukiachwa unakwenda wapi, maana kila tuliouona tuliukata. Niliapa mtambo utakaofundisha madaktari wa nchi hii hautakuwa wa kubahatisha."

"Kwa hiyo ukawaacha watu, uvimbe ukawakulia ndani."

"Thelathini na moja. Kwa miaka miwili. Mwaka ule walikufa zaidi ya mia nane." Aliongea polepole, bila kupandisha sauti. "Na mtambo umethibitika. Sasa mwanagenzi wa miezi sita ataweza kuona alichokuwa akikiona mtu wa miaka kumi. Wewe mwenyewe umeiona kazi. Ni mbaya?"

Haikuwa mbaya, na Sekela alilijua hilo. Ilikuwa kazi bora kuliko mafunzo yoyote aliyowahi kuyapata yeye.

"Ukilitoa nje," aliendelea Haule, "Kituo kitafungwa kesho yake. Wanagenzi arobaini watarudi makwao. Watu watazuia picha zao, na watakuwa na haki. Hospitali za wilaya zitaendelea na mashine peke yake, na sheria itabaki karatasi. Nakuomba siku kumi na nne. Tufungue mafunzo, kisha kamati iwaite hawa watu kwa utaratibu, mmoja mmoja."

"Siku kumi na nne ukiwa na kinundu cha sentimita mbili si siku chache."

"Si nyingi pia."

Kisha Haule akasema jambo ambalo Sekela alilikumbuka kwa muda mrefu baadaye, kwa vile lilisemwa kwa upole wa kweli.

"Namba mia na kumi na nne ni ndugu yako. Niliangalia juzi jinsi ulivyokaa mbele ya ile picha. Huyo tutamwita kesho asubuhi. Atalazwa, atapasuliwa na mtu hodari kuliko wote, hakuna atakayeuliza kwa nini. Wengine watafuata."

Sekela alisimama. Alitaka kusema hapana. Kilichomtoka kilikuwa, "Nipe hadi Jumatatu."

*

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili alikaa chumbani akitazama ukungu ukipanda kutoka kwenye mashamba ya chai, na mara nne alishika simu kumpigia Haule amwambie ndiyo.

Yeye na Tulinagwe hawakuwa wamesemeshana kwa miaka sita. Mumewe Sekela, Ambakisye, alipofariki, Sekela alimzika Mbeya, karibu na nyumba yao, na si juu ya Tukuyu alikolala baba yake. Tulinagwe alisimama kaburini mbele ya watu akamwambia, "Umemwiba ndugu yangu mara mbili." Tangu siku hiyo hapakuwa na simu wala salamu. Na sasa angeweza kumwokoa bila hata kumtazama usoni, kwa neno moja kwa Haule. Kadiri alivyofikiria, ndivyo wale wengine thelathini walivyozidi kuwa namba. Alijikuta akiwafikiria hivyo, kama namba, akaogopa.

Jumatatu saa mbili asubuhi alimkuta Twilumba kwenye ukumbi wa mtambo.

"Nifungulie wale thelathini na moja," alisema. "Picha za asili, si za mafunzo."

"Unataka kufanya nini?"

"Kusoma. Jicho la daktari likishaona, majibu hayana budi kwenda. Kila picha ina muhuri wa mashine iliyoipiga. Jina limefutwa hapa, lakini hospitali iliyopiga inamjua mwenyewe. Nikisaini, majibu yanaenda hospitali ileile, na hapo saa sabini na mbili zinaanza kuhesabiwa. Haule hawezi kuyarudisha."

Twilumba alitazama mlango. "Nitasema nilisahau kufunga ruhusa," alisema. "Hawataamini."

"Ni kweli, hawataamini."

Twilumba akamfungulia.

Orodha ilipangwa kwa hospitali. Tatu za mwisho, mia na kumi na nne hadi mia na kumi na sita, zilitoka hospitali moja ya bondeni, chini ya Tukuyu. Sekela angeweza kuanza na hiyo. Aliamua kuanza juu. Wifi yake angeweza kumfuata mwenyewe kwa miguu. Wengine hakuwa na njia nyingine ya kuwafikia.

Alisoma kama alivyokuwa akisoma zamani, bila haraka, shingo hadi tumboni, akiandika anachokiona na si zaidi. Kwa wagonjwa wanne hakuona kitu cha kuogopesha, akaandika hivyo. Mmoja, mwanamume wa makamo kwa mifupa yake, alikuwa amechelewa tayari, na Sekela alikaa dakika nzima kabla ya kusaini. Chini ya kila ripoti aliweka namba ya leseni yake, ileile aliyopewa akiwa na miaka ishirini na sita.

Saa saba Haule aliingia. Hakuja na walinzi. Alisimama nyuma ya kiti chake na kusoma juu ya bega lake.

"Ya ngapi hiyo?"

"Ishirini na saba."

"Hao arobaini niwaambie nini?"

Sekela aliendelea kusoma. Alisaini ya ishirini na saba. Alifungua ya ishirini na nane, mama mwenye moyo mkubwa na kinundu nyuma ya ini, akaisoma hadi mwisho, akaisaini. Alisikia hatua za Haule zikielekea ukutani. Aliifungua ya ishirini na tisa, mtulinga wenye waya ukaanza kujitokeza, na kioo kikazima.

Haule alikuwa na mkono kwenye swichi kuu, na uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Walibaki watatu," alisema Sekela.

"Najua walibaki wangapi," alisema Haule.

*

Jumanne asubuhi alishuka kutoka kwenye basi la umeme njia panda ya Tukuyu, akapanda kilima kwa miguu kupitia migomba. Njiani simu yake ilikuwa imelia mara kumi na tisa: Wizara, gazeti, mwanasheria, mwanagenzi mmoja aliyekuwa akilia. Kituo kilikuwa kimefungwa tangu jioni. Twilumba alikuwa ameandika ujumbe mmoja tu, *Niko nyumbani, niko salama.* Ripoti ishirini na nane zilikuwa zimefika zilikotumwa.

Tulinagwe alikuwa uani akianika maharage kwenye mkeka. Alikuwa amekonda. Mtulinga wake wa kushoto ulijitokeza chini ya kitenge, na Sekela akajikuta anautazama kabla ya kumtazama yeye.

"Wifi," alisema.

"Nani kafa?" aliuliza Tulinagwe.

"Hakuna. Naomba nikae."

Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Sekela alikaa kwenye ukingo wa kibaraza, akasema yote, kuanzia karatasi ya orodha hadi swichi. Alisema kinundu kina ukubwa gani na kiko wapi, na kwamba bado kinaweza kutolewa, ila si baada ya muda mrefu. Tulinagwe aliendelea kutandaza maharage kwa kiganja. Sekela alipomaliza, kiganja kilisimama.

"Ukagundua lini kwamba ni mimi?"

Sekela angeweza kusema jana. Angeweza kusema hakuwa na hakika.

"Jumatano. Nilipouona waya."

"Leo Jumanne."

"Ndiyo."

"Siku sita." Tulinagwe aliitamka polepole, kama anayelionja neno. "Wao wamenificha miaka miwili, wewe siku sita. Ijumaa walikupa mimi, ukawaambia wangoje."

"Ndiyo."

"Ungenichukua mimi peke yangu, nisingejua."

"Usingejua."

Tulinagwe alikohoa, kikohozi kifupi kikavu ambacho Sekela alikisikiliza kwa masikio ya kazi, akajichukia kwa kukisikiliza hivyo.

"Hao wawili wengine ni akina nani?"

"Siwajui. Picha hazina majina, na mtambo umezimwa. Hospitali inawajua, lakini daftari lake haliwezi kufunguliwa ila kwa amri ya mahakama, na hiyo ni miezi. Nakumbuka miili yao tu, niliikubali wiki iliyopita. Mmoja ni mwanamume, ana vipande vidogo vya risasi begani, vingi, kama vya gobore. Mwingine ni mwanamke mfupi, mgongo umepinda kulia."

Tulinagwe alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

"Ukaguzi ule walituita siku moja," alisema. "Tulikaa benchi moja, miaka yote miwili. Mwenye gobore ni mzee Anyitike, wa ng'ambo ya mto. Alikuwa anatushikisha bega tuvisikie." Aliinuka, akashika kiuno, akangoja pumzi irudi. "Huyo mwanamke simjui. Aliitwa kwanza, akaondoka kabla hatujasalimiana."

Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu na koti la marehemu kaka yake, koti ambalo Sekela hakujua lilikofikia. Alifunga mlango.

"Hospitali kwanza, wifi," alisema Sekela. "Tafadhali. Mimi nitakwenda kwa huyo mzee."

"Wewe humjui, atakufukuza kwa mbwa. Twende wote, kisha utanipeleka unakotaka." Alitangulia kushuka kwenye njia ya matope, bila kugeuka. "Na kukusamehe bado. Usije ukadhani."

"Sijadhani."

Walishuka wakifuatana. Mzee Anyitike walimkuta anapalilia, na jioni ile yeye na Tulinagwe walikuwa wamelazwa vitanda jirani. Yule mwanamke mfupi aliyeitwa kwanza, Sekela aliendelea kumuulizia kila kijiji cha bonde lile, zahanati kwa zahanati, kanisa kwa kanisa, akionyesha kwa mkono wake jinsi mgongo ulivyopinda. Mvua za masika zilipoanza alikuwa bado anamuulizia.